Nimerudi na Ufunguo, Mlango Haupo

Miaka 19 nimekaa Liverpool, ufunguo wa nyumba ya bibi, Kiponda, Zanzibar, umo kwenye droo ya soksi. Wiki iliyopita nikaurudisha ulikotoka. Mlango haupo. Ule wa nakshi umeng'olewa, pamezibwa matofali ya saruji, na juu yake mtu kaandika namba ya simu ya bodaboda.

Mnaoujua Mji Mkongwe sina haja ya kuwasimulia baraza ile, nani alikaa wapi. Nataka kusema paa. Limetoboka, masika yote yanashuka mpaka chini. Boriti za mikoko zimeoza kwenye vichwa vilivyoingia ukutani, pale pale zinapobebea sakafu. Ukuta wenyewe ni mawe ya matumbawe na chokaa; ukinywa maji mwaka hadi mwaka, unamumunyuka. Mti umeshaota ghorofa ya pili. Kuna aliyejaribu kuuokoa ukuta wa upande wa uani kwa plasta ya saruji, na hiyo ndiyo iliyoumaliza: unyevu umefungiwa ndani, plasta inabanduka na jiwe lake. Atakayeniambia "piga saruji tu" tutagombana.

Nikaenda kuhutubia barazani kwa jirani. Wallahi nilijisikia. Nikawapa habari za mtaa wa Granby kule Liverpool: baada ya ghasia za 1981 nyumba zikaachwa tupu, zikazibwa, zikingoja kubomolewa. Wakaazi waliobaki, wengi wao wanawake, wakaanza na ufagio, rangi na vyungu vya maua, wakaweka soko la mtaani. Mwaka 2011 wakaunda chama cha kumiliki ardhi kwa pamoja, wakapata nyumba 10 za Cairns Street, wakazifufua. Mwaka 2015 kundi la Assemble, lililosanifu nao, likapewa Tuzo ya Turner. Tuzo ya sanaa, kwa nyumba za watu!

"Na nyie je?"

Bi mkubwa wa nyumba ya mkabala akaniacha nimalize.

"Mwanangu, ufagio tunao."

Akamtuma mjukuu alete faili. Vijana wa mtaa wameshazoa kifusi mara mbili, fundi wa chokaa kapatikana, na yupo mwalimu mwenye watoto wanne, tayari kukaa na kutengeneza badala ya kulipa kodi. Kinachokosekana ni saini za warithi. Tuko 14: Maskati, Dubai, Toronto, mmoja Liverpool. Hati ya kutia saini nilitumiwa kwenye simu miaka mitatu nyuma. Usiku nikaitafuta, ipo. Nilijibu kwa kidole gumba.

Kwa hiyo nyie mnaofunga mabegi kuja nyumbani, chokoleti zipo hapa tele. Leteni vitambulisho, na majina ya warithi waliokufa na watoto wao, maana kwa kadhi mtaulizwa.

Mie nimeshatia saini. Wamebaki watatu, wawili hawasemezani tangu harusi ya 1998.

Ufunguo bado uko mfukoni. Jana mtoto wa jirani aliuomba auchezee, nikamnyima.