Ubao wa Manjano

Kaka yangu ni baharia, na mwenzake melini ni Mmaranao wa Marawi, kando ya Ziwa Lanao huko Mindanao, Ufilipino. Jamaa zake wanafungua ukumbi mdogo wa utamaduni, wanataka ubao wa nakshi juu ya mlango. Nikasema leteni, milango ndiyo kazi yetu hapa Lamu.

Nikavuruga siku ile ile. Niliokota picha intaneti nikazichora zote karatasi moja: jua la bendera ya Ufilipino lenye miale minane, ndege sarimanok, na pembeni mistari ya nguo ya t'nalak. Mmaranao mwenyewe alicheka mpaka akakohoa. Kaka akanifasiria: "Umepika pilau na biriani chungu kimoja."

Kumbe t'nalak ni ya Wat'boli wa Ziwa Sebu, watu wengine kabisa. Wanawake wao huifuma kwa nyuzi za abaka, mmea wa jamii ya mgomba. Rangi ni nyeusi, nyekundu na weupe wa uzi wenyewe, na ruwaza wanasema huzipata ndotoni. Nguo ikiwa bado kwenye kitanda cha mfumi, ni mwiko kuiruka. Nami nilitaka kuifanya pambo la pembeni!

Nakshi ya Wamaranao ni okir. Kwenye torogan, nyumba za masultani wao, ncha za boriti hutokeza nje kama omo la jahazi, zimejaa nakshi hiyo. Nimechagua ruwaza ya pako rabong, yaani kangaga linalochipua. Tabu ni mkono wangu. Umezoea yungiyungi letu, duara lililojifunga. Okir haijifungi, shina linapanda, jani linajikunja ncha, na pale unapodhani limekwisha linatoa chipukizi jingine. Mara mbili patasi imefunga duara yenyewe.

Halafu rangi. Wanataka manjano, ya wakubwa wao tangu zamani, pamoja na nyekundu na kijani. Fundi wangu alisikia akaweka nyundo chini. "Bambakofi upakwe manjano? Si katika karakana yangu." Tukapatana kwa ubao wa mwembe.

Rangi nazilinganisha na malong, vazi la Wamaranao, aliyoileta kaka. Ina utepe wa langkit uliofumwa okir tupu. Ila mama ameshaichukua, anasema ni kikoi kilichoshonwa ubavu, na kinamkaa vizuri. Kila nikichanganya manjano inabidi nikamwombe asimame mlangoni penye mwanga.