Siku moja mezani kwa vimeo: kompyuta chakavu zinavyoingia na kutoka

Saa 2 asubuhi nafungua stoo ya kompyuta chakavu tunazozifufua zitumike tena, mzigo wa jana umejaa mpaka mlangoni na kila mashine imebandikwa karatasi "MBOVU". Mi hilo neno nishaacha kuliamini. Nyingi sio mbovu kabisa, ni vile tu Microsoft walifunga sapoti ya Windows 10 tarehe 14 Oktoba 2025 na Windows 11 inadai TPM 2.0 (kichipu cha usalama ndani ya mashine) na prosesa mpya kidogo, basi mwenye nayo anaona mashine nzima imekufa wakati kibodi inagonga vizuri na skrini haina hata mchubuko.

Saa 3 wenzangu wanafika, wale wa mwaka wa kwanza wanaandika namba za mashine, mi nakagua betri. Laptopu ukiiweka mezani ikawa inayumba, au tachipadi imeinuka, hapo betri imevimba. Haichajiwi, haikandamizwi, na usiichokonoe na bisibisi! Inatolewa taratibu inaenda kwenye ndoo ya mchanga mkavu, mbali na kila kitu. Hapo sitaki utani kabisa.

Saa 4 ni kufuta data, na hii ndo kazi yenyewe, hayo mengine mbwembwe tu. Watu wanadhani ukishafomati imeisha, kumbe fomati ya haraka inafuta orodha tu, mafaili yenyewe bado yapo na mtu mwenye programu ya kurudisha anayachota yote, picha, mishahara, kila kitu. Kwa diski za kuzunguka tunatumia nwipe, programu ya kufuta diski, inaandika juu ya diski nzima mwanzo mpaka mwisho, raundi moja inatosha ila masaa yanakwenda. SSD, zile diski za chipu zisizo na kitu kinachozunguka, ni habari nyingine, yenyewe ina tabia ya kuhamisha data kwenye sehemu usizoziona, kwa hiyo tunaipa amri ya kujifuta iliyomo ndani yake. Diski ikigoma kufutika inakutana na drili, hakuna mjadala, na hatufungui faili la mtu hata kwa udadisi.

Saa 6 nakamata desktopu moja, feni inazunguka, skrini nyeusi, inapiga milio tu. Nachomoa RAM, ile kadi ya kumbukumbu ya muda, nasugua yale meno ya dhahabu kwa kifutio cha penseli, narudisha, hiyoo imewaka. Ila tarehe inasoma miaka ya nyuma huko, maana betri ya CR2032, kile kidude cha duara kinachotunza saa kwenye mazabodi, imeisha, na usipoibadilisha mtu ataingia mtandaoni tovuti zimgomee kwa sababu ya tarehe alafu aseme tumempa kimeo.

Saa 7 kula, haraka haraka.

Saa 8 kupiga Linux Mint, mfumo endeshi wa bure tunaouweka badala ya Windows. Kuna jamaa anataka kila mashine iongezwe RAM, mi nabisha kila siku: ikishakuwa na GB 4 hela ya kwanza iende kwenye SSD. Toa diski ya kuzunguka weka SSD, mashine ya miaka kumi inawaka mpaka unashangaa.

Saa 10 tunachambua zilizoshindikana, spea nzuri tunabakiza, saketi na nyaya zinasubiri wachakataji wenye kibali maana kuchoma nyaya ili upate shaba ni kujivutia sumu. Ripoti ya Umoja wa Mataifa inasema 2022 dunia ilizalisha tani milioni 62 za taka za kielektroniki na asilimia 22.3 tu ndo zilithibitika kukusanywa na kurejelezwa inavyotakiwa, so spea moja ikiokolewa mi nafurahi.

Saa 11 mwalimu mmoja kaja kuchukua mashine za shule yake. Kaziwasha zote moja moja, kakagua mpaka matundu ya USB, nimempenda. Kauliza akija kutaka kuweka mfumo mwingine itakuwaje, nikamwambia mwalimu hizo ni zako sasa, weka unachotaka. Nywila nimemwandikia kwenye karatasi, azibadilishe leo leo.