Saa Kumi na Mbili ya Seoul

Aprili 2020 vyuo vilikuwa vimefungwa kwa sababu ya korona, nami nilikuwa nimerudi Tanga kwa bibi yangu mzaa mama, nikiwa na begi moja, simu yenye ufa kwenye kioo, na majonzi ambayo sikuthubutu kumweleza mtu pale nyumbani. Kundi la muziki la BTS la Korea Kusini lilikuwa lianze ziara yake ya dunia mwezi huo kwa maonyesho manne jijini Seoul, na yote yalikuwa yamefutwa tangu mwishoni mwa Februari. Tiketi sikuwa nayo, na nauli ya kunifikisha Nairobi tu ingenishinda, sembuse Korea. Hata hivyo niliomboleza kama mtu aliyeporwa.

Ndipo likaja tangazo kwamba Jumamosi tarehe 18 na Jumapili tarehe 19, siku zilezile za maonyesho mawili ya mwisho kati ya yale yaliyofutwa, matamasha yao ya miaka iliyotangulia yangerushwa bure kwenye YouTube, moja baada ya jingine. Tukio lenyewe liliitwa Bang Bang Con. Kwa Kikorea "bang" ni chumba, na pia ndiyo silabi ya kwanza ya Bangtan, jina ambalo kundi hilo linaitwa kwao.

Tangazo lilisema yangeanza saa 12 kwa saa za Seoul, yaani adhuhuri yao. Wenzetu wa nchi nyingine walihangaika kujumlisha na kutoa, lakini sisi tulikuwa na siri yetu ndogo: Korea imetutangulia kwa saa sita, na saa ya Kiswahili nayo inapishana na saa ya Kizungu kwa saa sita, hivyo tarakimu iliyoandikwa kwenye tangazo la Kikorea ndiyo ileile tunayoitamka sisi. Kumi na mbili yao ni kumi na mbili yetu, ila wao jua liko utosini na sisi ndiyo kwanza kunapambazuka. Nilikuwa nimeligundua jambo hilo zamani, kutokana na kukesha nikisubiri matangazo yao ya moja kwa moja kwenye programu ya video ya V Live, na sijui kama kuna lugha nyingine iliyopewa zawadi hiyo.

Tatizo lilikuwa bando. La usiku, lililo rahisi, lingekatika saa 11 alfajiri, saa nzima kabla ya kuanza. Nikalazimika kununua la mchana kwa fedha niliyopewa ya sabuni, jambo ambalo bibi aliligundua kabla hata sijafua.

Alinikuta barazani, simu nimeiegemeza kwenye kopo la sukari, mkononi nimeshika tochi yake niliyoifunga kitambaa cha zambarau. Zambarau ndiyo rangi yetu sisi mashabiki wa BTS, tunaojiita ARMY. Mashabiki wenye taa rasmi ya mkononi walikuwa wameziunganisha na simu zao kupitia programu ya Weverse, na taa hizo zilibadilika rangi kufuata wimbo, zote kwa pamoja, popote zilipokuwa duniani. Tochi ya bibi haikubadilika rangi. Nilimwamkia, akaitikia, akavuta kigoda.

"Yule anayekula yupo?" akauliza. Alikuwa akimkusudia Jin, mmoja wa wanakundi, ambaye aliwahi kuwa na vipindi vya kukaa mbele ya kamera, akala na kuzungumza na watazamaji, basi. Bibi aliviona mara mbili tatu begani mwangu na hakupendezwa hata kidogo na mtu kuzungumza chakula kikiwa mdomoni, lakini sura alikuwa ameikariri.

Nikajitia kumfundisha. Nilimweleza kwamba vijana wale saba walifungua ukurasa mmoja wa Twitter mwishoni mwa 2012, miezi kadhaa kabla ya kutoa wimbo wao wa kwanza Juni 2013, kwa kuwa kampuni yao wakati huo ilikuwa ndogo. Kwamba wote saba waliandika katika ukurasa huohuo, nasi tuliweza kukisia aliyeandika kwa namna ya uandishi wake tu. Kwamba kuna mashabiki wajuao Kikorea wanaokesha wakitafsiri kila neno kwa Kiingereza, kisha watu kama mimi tunalitia katika Kiswahili kwa ajili ya kundi letu la WhatsApp, ambalo lilikuwa na watu kutoka Dodoma hadi Mombasa. Kazi hiyo hatukulipwa, na kusema kweli sikuwahi kuiona kuwa kazi.

Bibi alisikiliza mpaka mwisho. Kisha akauliza, "Na wao wanajua kwamba wewe unawatazama?"

Chini ya video kulikuwa na tarakimu ya watazamaji waliopo kwa wakati ule, nayo ilikuwa ikipanda bila kupumua. Baadaye ingepita milioni 2. Nikamwonyesha kwa kidole. "Wanajua tuko wangapi, bibi."

"Hata kondakta wa daladala anajua abiria wake wangapi," akajibu, akanyoosha mkono kudai tochi yake.

Nilinuna. Niliandika kisa hicho kwenye kundi letu nikitarajia kuonewa huruma, na badala yake wakacheka kwa dakika nyingi hata wakasahau tamasha. Binti mmoja wa Mombasa akabadilisha jina la kundi likawa "Abiria". Mchana bando likaniishia katikati ya wimbo, na kuanzia hapo niliendelea kwa salio dogo lililotosha maandishi tu, wao wakinisimulia kila kilichopita: nani amevaa nini, nani amelia, wimbo gani unafuata. Ninakumbuka masimulizi yale kuliko nyimbo zenyewe.

Usiku nilimsimulia bibi kuhusu jina jipya la kundi. Hakucheka, aliuliza tu kesho ni saa ngapi, nami nikamwambia ni saa ileile. Jumapili, kabla kuku hawajashuka kwenye mti, mlango wangu uligongwa mara tatu.

"Abiria," sauti ikasema, "amka, gari linaondoka." Kwenye kigoda aliniwekea tochi, kitambaa kikiwa kimefungwa vizuri kuliko nilivyokifunga mimi, na vocha ya shilingi elfu mbili.