Kabla ya kaliba, niambie risasi zako zina vichwa gani

Wageni wanaojiandaa kuja kuwinda Tanzania huniuliza kwanza habari za kaliba, yaani upana wa mtutu kwa sehemu ya inchi. .375 itamtosha nyati, au wanunue .458? Nami huwauliza vichwa vya risasi zao ni vya aina gani. Wengi hapo hukwama. Bunduki wameichagua kwa miezi, risasi wamezichukua siku ya mwisho kwa kutazama bei tu. Kwangu mimi mambo yamegeuzwa juu chini, kwa sababu kinachoingia mwilini mwa mnyama ni kichwa cha risasi. Bunduki inabaki mkononi mwako.

Kaliba yenyewe sheria imeshaikata kwa sehemu kubwa: kwa wanyama hatari kama nyati, simba na tembo, kiwango cha chini ni .375. Na hapo hapo kwenye kiwango cha chini ndipo ninapowashauri wengi wabaki. Holland & Holland wa London, watengenezaji wa bunduki, waliitoa .375 H&H mwaka 1912 na mpaka leo sijaona bunduki moja inayofaa kazi nyingi kuliko hiyo. Kichwa chake cha greni 300, yaani karibu gramu 19 na nusu, hutoka mtutuni kwa kasi ya mita 770 hivi kwa sekunde. Kinamtosha nyati, na asubuhi ya pili bunduki ile ile itampiga kongoni ng'ambo ya mbuga bila wasiwasi.

.416 Rigby na .458 Winchester zina nguvu zaidi, hilo sibishi. Ya kwanza hurusha greni 400, ya pili 500. Tatizo ni teke, yaani bunduki inavyokurudi begani ukifyatua. Mtu aliyezoea kaliba ndogo kama .30-06 ukimpa .458 bila mazoezi, ataanza kufumba macho na kuivuta triga kwa kushtuka, na risasi inaangukia tumboni. Nyati aliyepigwa tumbo haanguki. Anaingia kichakani na kusubiri. Wanaomfuata humo ni msaka nyayo, askari wa wanyamapori na mimi. Kwa hiyo ninaposema leta bunduki usiyoiogopa, nasema kwa ajili ya watu ninaowajua kwa majina, wenye watoto.

Kuna wanaokwenda upande wa pili na kunitajia Walter Bell, Mskoti aliyewinda tembo Karamoja, Uganda, mwanzoni mwa karne ya 20 kwa kaliba ndogo ya milimita 7, yaani 7x57. Ni kweli, aliua tembo wengi mno kwa bunduki ile. Lakini Bell alikuwa amelichunguza fuvu la tembo mpaka akajua ubongo ulipo kutoka kila upande, na alitumia vichwa vigumu, virefu, visivyopinda ndani ya mfupa. Mfano wake unaunga mkono hoja yangu: shabaha na kichwa cha risasi kwanza.

Sasa hivyo vichwa. Kichwa laini hutanuka kikiingia mwilini na kufungua jeraha pana. Kigumu hakitanuki, hupenya moja kwa moja. Kwa swala pala, ngiri, pofu, simba na chui, tumia laini. Tembo anahitaji kigumu. Nyati ndiye mwenye mjadala, na msimamo wangu ni huu: risasi ya kwanza iwe laini iliyotengenezwa imara, ile ambayo madini ya risasi ndani yake yameunganishwa na ganda la shaba yasiachane, au iliyo shaba tupu. Zinazofuata ziwe ngumu, maana nyati akishageuka utampiga kwa nyuma, na risasi lazima isafiri mbali ndani ya mwili mpaka ifike kifuani. Ngumu hazifai kuwa za kwanza pale nyati wanapokuwa kundini, kwani hutoboa mmoja na kumjeruhi aliye nyuma yake. Laini za kawaida za kuwindia paa usimlenge nazo nyati kabisa. Hupasukia begani kabla ya kufika moyoni, na moyo wake uko chini, katikati ya miguu ya mbele.

Ukishachagua, jaribu zote mbili, laini na ngumu, kwa bunduki ile ile. Mara nyingine hazitui mahali pamoja, na hilo ulijue ukiwa kwenye uwanja wa shabaha. Usiziache juu ya dashibodi ya gari juani, maana joto huongeza mgandamizo wa baruti.

Mashirika ya ndege kwa kawaida huruhusu kilo 5 za risasi kwa abiria, zikiwa ndani ya mzigo unaokaguliwa na si begi la mkononi. Kilo 5 ni nyingi kuliko utakavyohitaji. Tenga baadhi za kupiga kwenye karatasi siku ya kufika kambini, kabla hatujatoka, kwa sababu darubini ya bunduki iliyorushwa-rushwa kutoka uwanja mmoja wa ndege hadi mwingine siiamini, hata iwe ya gharama gani.