Siku Moja Katika Karakana ya Kenchi, Malindi

Anayepita nje ya karakana akaona kenchi, zile fremu za mbao za kubebea paa, zimesimamishwa ukutani hudhani kazi yetu ni kupigilia misumari. "Hata fundi wa mtaani hutengeneza," watu husema. Ni kweli, tena huzitengeneza kule kule juu ya ukuta, kwa jicho. Sisi huzitengeneza chini, kwenye meza, kwa mchoro uliotiwa sahihi, zikifika mjengoni ni kupandisha tu. Ni hapo kwenye "kupandisha tu" ndipo penye kazi.

Saa 12 na nusu asubuhi. Lori la mbao liliingia usiku, vipande 180 vya mbili kwa nne, mpaini. Kabla ya kushusha, kipima unyevu. Sindano zake mbili zinachomwa ubavuni mwa mbao, angalau nusu mita kutoka nchani, maana ncha hutangulia kukauka na hudanganya. Kumi za kwanza zinasoma asilimia 24, 27, 26, 29, na hazishuki. Tunataka chini ya 20. Mbao mbichi ukiibana leo kwa pleti za meno (vibati vya chuma vyenye meno ya kushika mbao), ikikauka hunywea, meno yanalegea na pleti inajitoa kidogo kidogo. Miezi ikipita paa linabonyea, na lawama inakuja kwa mtengenezaji, si kwa muuza mbao.

Kuzirudisha hakufai. Serikali iliposimamisha ukataji katika misitu ya umma Februari 2018, bei ilipanda na mbao za Tanzania zikawa tegemeo la wengi. Hata baada ya kutangazwa mwaka 2023 kwamba marufuku imeondolewa, hakuna aliyerudia kuchagua mbao kama zamani. Unachukua kilicholetwa na lori. Basi zinapangwa kivulini, vijiti vya milimita 25 kati ya safu na safu, kila baada ya sentimita 60, navyo vikae juu ya vyenzake mstari mmoja hadi chini. Kijiti kikienda pembeni, mbao inakauka ikiwa imepinda. Wiki tatu hapo, masika zaidi, na pesa imelala.

Kisha unene. Karatasi ya malipo inasema 50 kwa 100. Kalipa, kifaa cha kupimia unene, inasema 44 hapa, 48 pale. Mbao mbili zikikutana kwenye kiungo zikiwa zimepishana milimita 3, meno yatazama kwenye nene na kuelea kwenye nyembamba. Dawa ni randa: zote zishuke hadi 44. Tunalipia 50, tunauza 44, na vumbi la randa tumelilipia pia.

Saa 2 hadi saa 4 ni kukata na kubana. Hakuna la kusimulia mambo yakienda sawa: vipande vinaingia kwenye jigi (fremu ya kuvipangia), mbao ya chini inainuliwa milimita 10 katikati ili paa likibeba uzito inyooke, pleti juu na chini ya kiungo mahali pamoja, jeki ya haidroliki inabana. Pleti haigongwi nyundo. Meno yakipinda hayashiki. Ncha zote zilizokatwa zinapakwa dawa kwa brashi, maana dawa ya kiwandani haifiki moyo wa mbao na mchwa wa Malindi anajua pa kuingilia. Pleti zenyewe hukaa kwenye sanduku lenye kifuniko. Hewa ya bahari ina chumvi, na chumvi hula zinki iliyopakwa juu yake.

Saa 4 na robo umeme ukakatika jeki ikiwa nusu ya kubana. Jenereta, lita 5 za dizeli, dakika 20. Kiungo kile kinakatwa na kutupwa. Kwetu, pleti iliyobanwa nusu haibanwi mara ya pili.

Saa 5, simu kutoka Mambrui. Ni mjengo wa kenchi 12 zilizopelekwa jana, upana mita 7.2, pembe ya digrii 22, nafasi ya mita 1.2 kwa mabati.

"Fundi, kenchi zako fupi," msimamizi anasema. "Ya mwanzo imekaa. Ya mwisho inaning'inia."

"Fupi kwa kiasi gani, kaka?"

"Wewe njoo uone."

Basi ni kuvuka mto Sabaki na futi, uzi na timazi. Neno la kwanza hapo si maelezo. Ni kuweka futi kwenye kenchi mbele ya kila mtu: milimita 7,200. Ya pili, 7,200. Ya kumi na mbili hivyo hivyo, maana zote zimetoka kwenye jigi moja. Ndipo futi inapanda ukutani. Mwanzo wa nyumba, kutoka ukingo wa nje wa wolpleti, ile mbao iliyolazwa juu ya ukuta, hadi ukingo wa nje wa ya pili, 7,200. Mwisho wa nyumba, 7,290. Tukapima mishazari ya nyumba: mmoja mita 15.04, mwingine 15.08. Ukuta mmoja umenyooka, wa pili umekwenda nje pole pole kwa urefu wote wa mita 13.2. Ni mawe ya matumbawe, kila jiwe na ukubwa wake, na aliyejenga alifuata jiwe badala ya uzi. Jicho halioni sentimita 9 katika mita 13. Kenchi inaziona.

Mafundi wa mjengo walikuwa wameisukuma kenchi ya mwisho hadi ikakaa vizuri upande wa bahari, kwa hiyo upande wa pili imeshika sentimita 1 tu ya wolpleti. Na dawa walishaiandaa: vipande vya mbao, vipigiliwe kwenye ncha ya mbao ya chini ili irefuke.

Hapo ndipo mchana ulipoishia, kwenye kipande kile. Uzito wote wa paa hushukia pale kombamoyo, mbao ya mteremko, linapokutana na mbao ya chini, ile wazee huita mtambaapanya. Ukuta lazima uwe chini ya hapo hapo. Kipande cha kuungia kinabeba kwa misumari peke yake, tena misumari iliyoingia nchani mwa mbao, mahali inaposhika vibaya kuliko kote. Upepo wa kusi unaanza kutikisa, msumari unachomoka, kenchi inateleza ndani. Msimamizi anasikiliza, anaitikia, kisha anasema, "Lakini ni sentimita tisa tu." Mara ya nne sasa.

Mwenye nyumba yuko kwenye simu, kwa kipaza sauti. Anataka aletewe nyingine. Nyingine za kipimo gani? Kila kenchi ingehitaji upana wake, ya kwanza 7,200, inayofuata 7,208, na kuendelea. Halafu, bila kuvuta pumzi, anauliza kama anaweza kuweka vigae badala ya mabati, "kenchi si zile zile?" Si zile zile. Mabati hayafiki kilo 5 kwa mita ya mraba, vigae vya saruji ni kama 45. Nafasi ya mita 1.2 haivibebi. Huo ni mchoro mwingine na bei nyingine, na hilo likaandikwa kwenye ujumbe papo hapo, maana la mdomo baadaye hukanwa.

Suluhisho lilikuwa chini ya miguu yao. Ukuta una sentimita 20, wolpleti ina 10 na imelazwa katikati, kwa hiyo kuna 5 za ziada kila upande. Wolpleti zote mbili zifunguliwe, mwanzoni zibaki zilipo, mwishoni kila moja iingie ndani milimita 45. Uzi uvutwe kutoka ncha hadi ncha, na wolpleti ifuate uzi, isifuate ukuta. Kenchi zote 12 zinakaa. Kasoro inabaki nje, chini ya ukingo wa paa, na lipu itaificha.

Kusema ni rahisi. Misumari ya inchi 4 ilishazama, mikanda ya bati inayotoka kwenye ringbimu, ule mkanda wa zege juu ya ukuta, ilishakunjwa, miwili ikakatika ilipofunguliwa na ikabidi kutoboa zege kwa boliti. Jua la saa 8, zege linachoma viganja. Mvutano wa nani alipie boliti mbili ulichukua muda kuliko kuzifunga.

Sasa kwenye bei zetu kuna mstari mmoja: vipimo vitachukuliwa ukutani baada ya ringbimu, si kwenye mchoro. Wateja huulalamikia kwa sababu unawachelewesha wiki.

Jioni tena karakana, saa haina maana. Kenchi sita za Lamu zinaondoka alfajiri kwa lori hadi Mokowe, kisha mashua. Kisiwani lori la mizigo halipiti vichochoroni, wala punda hakati kona na mbao ya mita 8, kwa hiyo kila kenchi imetengenezwa nusu mbili za kuunganishwa huko huko. Zinasimamishwa wima kwenye lori, hazilazwi. Ikilazwa inachezacheza njiani na viungo vinalegea. Kila jozi ina mfuko wake wa boliti 8 umefungwa kwa waya kwenye mbao ya chini, maana ikikosekana moja, mtu atapiga msumari badala yake na kupaka rangi juu.

Mfuko wa sita una boliti saba. Tunahesabu upya.