Ganda la risasi kando ya kichuguu

Ndugu zangu wa Lubumbashi, Jumamosi nilikuwa nikipitisha kifaa cha kutambua metali katika shamba la baba mdogo, upande wa Ruashi, kilipolia kando ya kichuguu. Sentimita 15 chini nikakuta ganda la risasi lenye kutu ya kijani. Fataki yake, yaani kidude cha kuwashia baruti kilicho kitakoni, ilikuwa imegongwa na mdomo ulikuwa wazi, yaani risasi ilikwisha kufyatuliwa, ndipo nikathubutu kukisugua kitako kwa mswaki. Zilitokea herufi FN, alama ya kiwanda cha Herstal, Ubelgiji, pamoja na tarakimu 60, mwaka lilipotengenezwa, mwaka ule ule jimbo letu la Katanga lilipojitenga na Kongo. Urefu wake ni milimita 51, kwa hiyo naliona kuwa la bunduki ya FAL, kwani la AK lina milimita 39 tu. Nililishika muda mrefu nikimwaza aliyelifyatua.

Kifaa kilipolia tena, kilionekana kitu cha duara kilicholika kutu. Sikukigusa, kwani huenda ni bomu: nilizungushia matawi, nikawaondoa watoto, naye baba mdogo akaenda kuwaita polisi. Kutu hula chuma, lakini baruti iliyo ndani huweza kubaki hai miaka mingi, na watoto wale walikuwa wakicheza mita 3 tu kutoka pale.