Spika juu ya Sakafu ya Mbao

Anayetaka kuzitenga spika zake na mitetemo ya sakafu anapaswa kuanza kwa kuiangalia sakafu yenyewe, si kwa kuulizia bei ya vifaa. Nyumba nyingi za Ngamiani hapa Tanga zina sakafu ya saruji iliyomwagwa juu ya ardhi, nayo ni nzito mno kwa spika ya sebuleni kuitikisa; mwenye nyumba ya namna hiyo akiweka mpira chini ya spika hadhuriki, lakini asitarajie mengi. Mimi ninaishi ghorofani, katika nyumba ya zamani yenye sakafu ya mbao zilizopigiliwa juu ya boriti, na huku mambo ni tofauti kabisa.

Kasha la spika lenyewe hutikisika kidogo sana. Koni, yaani ule uso wa spika unaosukuma hewa, ikiwa ya gramu 20 na ikisukumwa mbele, kasha la kilo 10 hurudi nyuma kwa sehemu moja tu ya 500 ya mwendo huo. Taabu ni kwamba mbao pana hukikuza kidogo hicho, kama uso wa udi unavyoukuza mlio wa waya ambao peke yake ungesikika kwa shida. Wapenzi wa taarabu ya Tanga, ambayo tangu siku za kikundi cha Black Star ina gitaa la besi, watautambua upesi ugonjwa wenyewe: noti moja ya besi huvimba, inayofuata hupotea, na jirani wa chini huzipata zote.

Hata hivyo, si kila uvimbe wa besi unatoka sakafuni. Chumba chenye mita 4 kutoka ukuta hadi ukuta hukuza sauti za karibu herzi 43 (yaani mitikisiko 43 kwa sekunde), hata spika zikining'inizwa hewani. Ziweke kwa muda juu ya sponji nene ya godoro, kisha usikilize wimbo uleule: besi isipobadilika, lawama ni ya chumba, na dawa yake ni kuzisogeza spika au kiti chako.

Vichuma vyenye ncha vinavyofungwa chini ya spika huuzwa kama dawa ya mitetemo, nami siviungi mkono kwa sakafu ya mbao. Huifanya spika isimame imara, jambo jema, lakini huiunganisha na ubao badala ya kuitenga. Kinachotenga ni kitu laini kinachobonyea kwa kiasi. Kwa hesabu, spika iliyobonyeza mpira milimita 1 hucheza yenyewe kwa karibu herzi 16. Ikibonyeza milimita 4, herzi 8. Mtetemo huanza kupungua pale tu unapozidi kiwango hicho mara 1.4, na ukikaribiana nacho huongezeka. Kwa besi ya herzi 30, mpira wa kwanza bado hupitisha karibu asilimia 40, ilhali wa pili haufikishi 10. Tena mpira ukitikiswa haraka huwa mgumu kuliko unapobanwa polepole, kwa hiyo uongezewe ulaini kidogo.

Ndiyo maana kipande cha tairi la gari hakifai: ni kigumu, na spika nyepesi haikibonyezi hata kidogo. Sponji ya godoro huanza vizuri, kisha hulala na kubaki bapa. Soli ya ndala, ikikatwa vipande vidogo ili kila kimoja kibebe uzito wa kutosha, hufanya kazi ya kuridhisha kwa bei ndogo. Kwa kuwa sumaku huufanya upande wa mbele kuwa mzito, vipande vya mbele viwe vipana kidogo, kisha uhakikishe kwa pima maji. Spika ndefu, hasa penye watoto, zisiwekwe juu ya kitu laini bila ubao mpana wa kuzizuia zisianguke.

Mwenye santuri aanze na mashine ya kuchezea, kwa sababu sindano husikia hata nyayo za anayepita. Rafu iliyofungwa kwenye ukuta wa mawe huikinga kuliko mpira wowote.